Bei ya Sarafu Iliyooshwa

Mimi na Christophe hatusalimiani. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani namwandika kwa sababu nampenda. Ana miaka hamsini na kitu, shingo ndefu, shati lile lile la kaki lenye mifuko minne, na ulimi usiojua kubembeleza mtu. Kila siku isipokuwa Jumapili anakaa kwenye baraza ya Zakaria fundi cherehani, sokoni Kasongo, mbele ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheusi, akingoja watu wamletee sarafu za zamani. Akishazitazama anawaambia bei. Wakishaisikia bei wanamtukana. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaifanya mwaka wa kumi na moja sasa.

Jina langu Subira, na wanaonijua hucheka wakilisikia, kwa sababu subira sina hata ya kungoja maji yachemke. Nauza mchele sokoni, hatua ishirini kutoka kwenye meza ya Christophe. Nimekuwa nikimtazama kwa jicho baya kwa muda mrefu kiasi kwamba namjua kuliko watu wengi ninaowapenda.

Christophe ni Mzimba kwa kabila, mtoto wa katekista aliyelima mpunga kwenye barabara ya kwenda Kabambare. Ujanani alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, kama vijana wote waliokuwa na miguu. Mgongo ukamkatalia shimo, mnunuzi mmoja wa dhahabu akamchukua amshikie mizani, akaishika miaka tisa. Huko alijifunza kukitazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila kupepesa. Siku moja mgeni wa Bukavu alikwamishwa hapo na mvua. Mgeni huyo alinunua sarafu mbili zilizookotwa shimoni, zenye uzito mmoja, moja kwa dola mia mbili na nyingine kwa dola tano. Christophe alikuwa amezipima kwa mkono wake mwenyewe. Akauliza kwa nini, na yule mgeni, kwa kuwa barabara ilikuwa tope tupu na hakuwa na la kufanya, akamweleza siku tatu. Alipoondoka alimwachia karatasi za fotokopi zenye picha za sarafu, na kioo cha kukuzia vitu ambacho Christophe hukiita lupu. Mpaka leo Christophe akipata sarafu nzuri huipiga picha na kumtumia yule mgeni kwa simu.

Ubaya wa kazi hii hapa kwetu ni kwamba sisi ni watu wa dhahabu. Hata sisi tusiochimba, akili yetu imelelewa na mizani. Kitu kikiwa kizito ni ghali, kiking'aa ni safi, na ukiambiwa vinginevyo unaibiwa. Nakumbuka mtu mmoja aliyekuja kutoka Nyangwe na sarafu tatu za shaba ya njano, zile za pembe sita zenye picha ya tembo, za wakati wa Wabelgiji. Aliposikia kila moja na bei yake, akatoa mizani yake mwenyewe. Akazipima mbele ya soko zima, zikalingana kasoro chembe, akanyoosha mikono juu kama aliyeshinda kesi.

"Balance inasema sawa-sawa! Sasa juu ya nini weye unagawanya bei?"

"Balance ni ya dhahabu, papa," Christophe akasema. "Hii yenye tundu siitaki, mulitoboa musichana avae shingoni. Hii ingine nakupa dola moja. Hii ya mwisho, kumi."

"Tembo ni mumoja!"

"Ni mumoja, lakini angalia. Huyu iko na jicho, iko na mukia, iko na mikunjo ya ngozi. Ule mwingine amelambwa na mikono ya watu mpaka amebakia kama muhogo. Franga hizi zilitengenezwa mingi sana, kila nyumba iko nazo. Mutu anayezikusanya atalipia ile yenye sura."

"Kwenye simu niliona moja kama hii, dola elfu kumi!"

"Uliona mutu ameandika elfu kumi. Uliona mutu amelipa? Kuandika hakulipishi. Hata miye naweza andika shati yangu milioni."

Watu wakacheka. Yule mtu akagonga meza na kurudia kwamba uzito ni mmoja, uzito ni mmoja. Hapo Christophe, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akamwambia: "Weka dada yako na shangazi yako kwenye balance. Kilo zikilingana, mahari italingana?" Zakaria ndiye aliyeingia kati na mkasi wake mkononi, la sivyo siku ile Christophe angekula meza yake.

Sasa nije kwetu.

Sisi ni watu wa mjini, Waislamu wa zamani. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, mabati yake yameota kutu, mlango wake wa mbele ni wa mbao nzito uliochongwa na babu. Mama yetu alikaa humo maisha yake yote. Mimi nilirudi humo na binti yangu Djamila baada ya mume wangu kufariki, na sina pengine. Ndani ya kopo la maziwa mama alikuwa na sarafu moja ya fedha, kubwa, imefungwa kwenye kitambaa, nyeusi ti kama sehemu ya chini ya sufuria. Babu yake alilipwa nayo kwa kubeba mzigo mpaka Kabambare, enzi za yule mfalme mwenye ndevu ndefu ambaye nchi ilikuwa mali yake na hakuwahi kuikanyaga. Ndevu zake zilionekana kwenye sarafu ukiigeuza kwenye mwanga.

Miaka mitatu iliyopita mama alimwita Christophe nyumbani aitazame. Mimi nilikuwa uani natwanga. Nilipoingia nilimkuta amekaa mlangoni, lupu jichoni, anamweleza mama kwamba sarafu kama hizi zimebaki chache kwa sababu nyingi ziliyeyushwa na mafundi wakatengeneza bangili. Hii haikutobolewa, haikugongwa, unywele mmoja mmoja wa ndevu unahesabika.

"Bei yake ya haki ni dola mia ine, mama," akasema. "Mutu akikuomba elfu anakudanganya, akikupa hamsini anakuiba."

Mia nne! Mimi nikaona moja kwa moja: mtu anayetaja mia nne amekwisha kuona elfu nne. Nikachukua ufagio. Alitoka nje akiendelea kuongea, akasimama upande wa pili wa ua akimwambia mama jambo fulani juu ya ule weusi, namna ya kuutunza, na mimi nikarudi kwenye kinu nikatwanga kwa nguvu zangu zote ili nisimsikie. Mama alicheka mpaka akakohoa. Hayo maneno niliyoyatwanga ndiyo yaliyonigharimu, lakini nani angejua.

Mama alipougua aliniambia, "Ile sarafu ni ya nyumba. Usiiguse mpaka siku ya haja." Nikadhani anamaanisha nisiiuze. Alifariki wakati wa mvua, Mungu amrehemu.

Mdogo wangu Amuri alikuja kwa ajili ya arobaini. Amuri ni dalali wa dhahabu Salamabila, ana simu mbili, na viatu ambavyo havijui tope, kwa sababu kuna vijana wa kumvusha. Ni mtu wa kucheka sana, na tulipendana. Lakini alikuja na mnunuzi wa nyumba mfukoni, mfanyabiashara wa mpunga aliyetaka kiwanja ajenge ghala.

"Yaya, sheria unaijua," akaniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Mafungu mawili ni yangu, moja ni lako. Miye nina deni la mashine kule. Tuuzishe, tugawane."

"Na miye na Djamila tutalala wapi, Amuri? Kwenye viatu vyako?"

Alikunja uso, akatafakari, akasema: "Kwa mutu mwingine fungu langu ni elfu. Kwa weye, mia ine. Unipe mia ine, nasaini, nyumba inabakia kwako."

Mia nne! Nilimwomba siku mbili. Nilijua mama alivyoona mbali, na moyo wangu ukatua.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea nikifuata desturi. Katika ukoo wetu, siku ya thelathini na tisa wanawake hutoa kila kitu cha chuma na cha bati alichokuwa nacho marehemu, sufuria, bakuli, birika, vijiko, wakavisugua kwa majivu na ndimu, wakavianika juu ya mkeka juani. Kesho yake vinagawanywa. Kumpa mtu kitu cha marehemu kikiwa na uchafu wake ni kumwaibisha marehemu. Nilisugua masufuria yote ya mama huku nikilia, na mwisho nikachukua sarafu. Ningewezaje kuipeleka sokoni, mbele ya watu, ikiwa nyeusi vile? Wangesema mama yangu alikuwa mchafu. Ndimu haikutosha. Nikaongeza majivu. Majivu yakashindwa kwenye ndevu, nikachukua mchanga laini wa mtoni. Nilisugua mpaka vidole vikauma, ikatoka nyeupe, inameta, mfalme yule akanitazama kama aliyezaliwa jana. Djamila aliipiga picha kwa simu. Nikaiweka juani katikati ya vijiko, na nilijivuna, wallahi nilijivuna.

Arobaini ikasomwa. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Christophe, na nilikwenda vibaya. Sikusema hodi wala habari. Nilikuwa bado na ule ufagio kichwani mwangu.

"Weye mwizi," nikamwambia, "leo utatoa ile mia ine. Na usinichezee, nakujua."

Alifungua kitambaa changu. Akatazama. Hakuchukua hata lupu. Alifunga macho kidogo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nani ameiosha?"

"Miye. Na majivu."

"Dola sitini."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia sarafu ni ile ile, mfalme ni yule yule, uzito ni ule ule, tena sasa inang'aa. Akasema mwenye kukusanya haulizi kama inang'aa, anauliza kama sura yake ya kwanza ipo, na mimi nimeikwangua. Akasema ule weusi ulikuwa ngozi yake ya miaka zaidi ya mia. Akasema, na hili sijamsamehe: "Ungeipaka na rangi ya midomo pia."

Nilimtukana mpaka wauza samaki wakaja kusikiliza. Nilisema alimpa mama bei moja akiwa hai na anampa maiti bei nyingine. Nilisema anakula mayatima. Nilisema mambo juu ya mke wake aliyemwacha, ambayo si ya kuandikwa. Yeye alikaa tu, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati lake la kaki, mfuko wa kushoto chini, ameubana kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Niliuona mkono ule, nikadhani anaumwa.

Nilifika nyumbani. Amuri alikuwa uani anakunywa chai. Akaiona sarafu mkononi mwangu, akainyakua, akaipimapima kiganjani, akaigeuza juani.

"Kumbe ndiyo hii! Mama aliniambia kwa simu, mia ine. Yaya, imekuwa muzuri hivi? Kule kwetu kitu kikiwa chafu hakina bei. Hii sasa inaweza fika mia tano!"

Nikamwongezea chai.

"Sikia," akasema. "Juu ya nini uhangaike kuuzisha? Nipe hii, tumalizane. Nasaini leo."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, dola sitini. Nikajiambia Christophe ni mwizi, kwa hiyo sitini yake ni uongo, kwa hiyo simdanganyi mdogo wangu. Nilijiambia hivyo mara tatu njiani kwenda kwa shefu wa mtaa. Amuri akasaini, shefu akasaini, Zakaria na imamu wakatia mikono yao kama mashahidi. Nyumba ikawa yangu. Nikaikunja karatasi nikaiweka kwenye kopo la maziwa, mahali pa sarafu.

Amuri alikuwa arudi Salamabila kesho yake asubuhi. Akamwambia mwenye pikipiki apitie kwanza sokoni. Niliposikia hivyo nilivaa kanga yangu ya pili nikamfuata kwa miguu, mbio, mwanamke mzima. Nilifika Amuri amekwisha kukaa mbele ya kitambaa cheusi.

"Papa Christophe, mama yangu alisema mia ine."

Christophe alichukua lupu safari hii. Aliitazama sarafu muda mrefu. Kisha akainua macho, akaniona mimi nyuma ya bega la Amuri, ninahema, mkono kinywani. Alinitazama mimi muda mrefu zaidi kuliko sarafu. Akafungua ule mfuko wa kushoto chini, akatoa bahasha iliyofungwa na mpira, akahesabu noti nane za hamsini mezani.

"Mia ine," akasema.

Amuri akacheka, akampiga begani, akaniambia "Unaona, yaya!" na pikipiki ikaondoka naye. Na mimi? Je, nilishukuru? Nilimrukia. Kwa hiyo ni mia nne! Kwa hiyo jana ulitaka kuniibia mia tatu na arobaini, mbwa wewe! Soko likanizunguka tena. Christophe alingoja nikaishiwa pumzi, akaniwekea lupu mkononi, na sarafu mbili mbele yangu, ile yetu na nyingine ndogo ya zamani zile zile, nyeusi.

"Angalia, Mama Djamila. Kisha unitukane."

Nikatazama. Ile nyeusi ilikuwa imetulia, kila mstari mahali pake. Ya kwetu ilikuwa imechanwa. Usoni mwa mfalme kulikuwa na mikwaruzo mamia, inazunguka, na niliijua ile mizunguko, ilikuwa ya kidole changu. Ndevu hazikuwa na nywele tena.

"Bei yake ni sitini," akasema polepole, kwa sauti ambayo soko halikuisikia. "Ile mia ine haiko bei. Ni neno. Ile siku ulinifukuza, mama yako aliniita tena ukiwa huku sokoni. Alisema, watoto wangu watapigania hii nyumba, siku watakuleteya franga usibishane nao, utoe mia ine. Niliapa kwa Bikira Maria. Miaka mitatu niko natembea na pesa yangu ndani ya ile bahasha."

"Basi jana juu ya nini hukunipa?"

"Juu uliniita mwizi mbele nifungue kinywa. Roho yangu ikafunga. Nikakupa bei ya franga, ambayo ni kweli, na neno la mama yako nikalificha. Ilikuwa ubaya, najua. Lakini leo nimeona ubaya wako pia. Ulijua ni sitini, ukamupa ndugu yako. Sasa tusiongee tena."

Nilirudi nyumbani kwangu. Ni yangu, ina karatasi. Nilitegemea mambo yangeishia hapo, kila mtu na aibu yake.

Lakini Amuri ana mdomo. Kule Salamabila aliwaambia watu wote: Christophe wa Kasongo analipa mia nne, ila mpaka uisafishe vizuri, imete. Wakamwamini, maana walimwona na noti. Na ni watu wa dhahabu, wana tindikali ya kusafishia dhahabu, wana brashi za waya. Wakaanza kuja. Kutoka Salamabila, kutoka Wamaza, kutoka vijiji ambavyo sikuwa nimesikia majina yake, wakifungua vitambaa kwenye ile meza, na ndani ya kila kitambaa sarafu imekwanguliwa inameta kama kijiko kipya. Christophe anasema dola tatu. Anasema dola moja. Anasema sitaki. "Amuri ulimulipa mia ine!" wanapiga kelele. Angejibu nini? Akisema ile haikuwa bei, wataulizana ilikuwa nini, na Amuri atajua siku hiyo hiyo.

Siku hizi mtu akisimama tu mbele ya meza, kabla hajasalimu, Christophe anapaza sauti: "Musioshe!" Limekuwa jina lake. Sarafu ya mama ipo palepale kwenye kitambaa cheusi, na kikaratasi kimeandikwa 60. Hakuna anayeinunua. Wa Salamabila wakikiona wanakasirika zaidi, wanasema ni ujanja wake wa kushusha bei, nani anunue mia nne auze sitini? Hela ya kununulia sarafu nyingine imebaki kidogo. Yule wa Bukavu amepunguza kupiga simu. Kuhusu bei, mtu huyu hakuwahi kumdanganya yeyote isipokuwa mara moja, na ile mara moja imemharibia zote. Mimi nauza mchele wangu hatua ishirini kutoka hapo, nasikia kila tusi, najua kila tusi ni langu, nanyamaza. Nina nyumba ya kulinda.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Wamaza, Apolline, mtu mzima, ametembea siku mbili kwa miguu. Nyumba yake iliungua, alitaka bei ya mabati. Alifungua kitambaa na ndani yake ilikuwa sarafu ndugu ya ile ya mama, fedha, kubwa, yule yule mwenye ndevu. Ilikuwa nyeupe. Kwenye pembe za herufi weusi ulikuwa umebaki kidogo, pale brashi iliposhindwa. Christophe aliitazama, akaigeuza mara mbili.

"Lini uliiosha, mama?"

"Juzi, mbele nitoke. Walisema uoshe."

Hakusema bei haraka. Aligeuza shingo yake ndefu akanitazama mimi, hatua ishirini, juu ya vichwa vya watu. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananiuliza kama aseme ile mia nne ilikuwa nini. Na watu wote wakafuata macho yake wakanitazama.

Nikasema kwa sauti: "Mwizi huyu, mama. Usimuuzishie."

Ndivyo nilivyosema. Mimi, mtoto wa mama yangu. Apolline akafunga kitambaa chake akaenda zake, na hata zile sitini hakuzipata. Christophe akageuka akaanza kupanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimekwisha pangika. Nakaa ndani ya nyumba yangu ya bei nafuu, natazama mlango wa babu, namchukia kila mtu, na katika orodha mimi ni wa kwanza.

Amuri anakuja Ijumaa. Amenitumia ujumbe kwamba ana sarafu nyingine tatu alizonunua kwa watu, kwa bei kubwa, na amezisafisha mwenyewe. Karatasi hizi nimemwandikia yeye, ingawa nimezianza na Christophe kwa sababu nilikuwa naogopa kuzianza na mimi. Nitamsomea zote kutoka juu mpaka hapa. Kisha nitafungua kopo la maziwa nimpe ile karatasi ya shefu, aamue kama ataichana.

Leo asubuhi, nikienda kufungua biashara, nilipitia kwenye baraza ya Zakaria. Nilisimama mbele ya kitambaa cheusi nikasema, "Habari ya asubuhi, Papa Christophe." Alikuwa anafuta lupu yake na upindo wa shati, akaendelea kuifuta.